Siku ya Makoti

Newala,
30 Juni 2024

Mangi Elisaria,

Salamu nyingi kutoka kwenye mikorosho. Huku wazima, labda mgongo wangu tu, ambao siku hizi unaamka saa nzima baada yangu. Barua hii nampa dereva wa basi la Dar, na nimemwapisha aifikishe mkononi mwako. Mwaka juzi uliposema umeuza simu kubwa, umebaki na kitochi cha kupokelea wateja, nilicheka nikasema Mchaga gani huyu anayekimbia simu. Basi, nimekubali yaishe. Tuandikiane kama wachumba wa zamani.

Habari kubwa ni hii: Shamsa anaolewa! Huyu huyu mwanangu aliyezaliwa kwenye nyumba tuliyopanga kwa Bi Badria pale Mtaa wa Sikukuu, wewe ukatoka mbio na beseni huku umevaa shati nje ndani. Anaolewa na mwalimu wa Masasi, kijana mpole, mpole mpaka nina wasiwasi naye. Ni Jumamosi tarehe 26 Oktoba. Na bibi harusi katoa sharti moja tu: mshereheshaji awe baba mdogo Elisaria. Wa kukodi hamtaki.

Namwelewa, maana amekua akikusikia. Na mimi huku kijijini bado nasimulia siku ya makoti. Februari ile ya 2016, jua linachoma mpaka lami inanata kwenye ndala, tumefungua belo la mitumba pale Mchikichini tukitegemea fulana, tukakuta makoti ya nchi za theluji. Manyoya mpaka kwenye kofia! Mimi nikakaa chini nikashika tama, nikasema tumekwisha. Wewe ukavaa moja, ukavaa la pili juu yake, ukapanda stuli ukaanza: "Mlima Kilimanjaro umehama Moshi! Uko Chalinze, kesho asubuhi unaingia Kariakoo! Nani hana koti?" Soko zima lilisimama. Wauza viatu waliacha meza zao wakaja kusikiliza. Adhuhuri haikutukuta na koti hata moja, na yule mzee wa Ilala alinunua mawili, la kwake na la mkewe wa pili.

Kaka, zile zilikuwa siku. Naitamani ile sauti mpaka naumwa. Njoo upande stuli, mwanao anaolewa.

Msalimie Bi Badria. Mwambie maharage yake ya nazi huku hakuna anayeyaweza.

Ndugu yako,
Shomari


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
14 Julai 2024

Mzee wa Korosho,

Barua imefika, ingawa inanuka samaki, sijui dereva wako aliilaza na nani. Hongera ya Shamsa! Nimefurahi mpaka machozi yakanitoka, na siku hizi machozi hayanitoki kirahisi.

Mtaa wenyewe ungeuona usingeujua. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, mbele wanachimba msingi wa jingine. Nyumba ya Bi Badria ndiyo bati pekee lililobaki. Madalali wanakuja kila wiki, anawakaribisha chai, wakishamaliza kunywa anawaambia nyumba haiuzwi. Kwenye chumba chako bado upo ule msumari wa kutundikia kanzu. Jumapili nikitoka kanisani nakaa barazani, nakumbuka ulivyokuwa ukipiga mluzi bafuni mpaka wapangaji wanagonga mlango. Nakukumbuka mno, sikufichi.

Sasa sikia, na hii usimsomee mtu. Mwaka ule wa 2016 nilipoumwa, mliambiwa ni malaria imepanda kichwani. Haikuwa malaria. Madaktari wanauita baipola. Kuna wakati napanda: silali, naongea, natoa ahadi, naona mji mzima wangu. Kisha nashuka, najifungia chumbani mwezi mzima sitaki hata kuoga. Mara ile nilipewa dawa, nikapata nafuu, nikaziacha mwenyewe. Mwaka juzi ikarudi. Nikapigia kila jina lililokuwa kwenye simu, nikamposa mjane wa mchungaji kwa ujumbe wa sauti. Ndiyo maana simu nikaiuza. Kalamu ina breki.

Sasa natumia vidonge vya lithiamu, asubuhi na jioni. Kila baada ya miezi kadhaa napimwa damu waone kiasi kilichomo, maana kikipungua hakinisaidii na kikizidi kinanidhuru. Vinanisaidia, Shomari. Mwaka wa pili huu sijapanda wala sijashuka. Nalala. Naendesha biashara yangu ya belo moja kwa wiki. Ila mkono unatetemeka kidogo, na maneno hayaji mbio kama zamani. Mteja akinitania, jibu nalipata ameshafika Karume. Kwa hiyo ushereheshaji siuwezi. Mwambie Shamsa nitakuja, nitakaa na wazee, nitakula pilau.

Humu ndani hakuna anayejua. Unamkumbuka Vitalis, mpangaji wa chumba cha uani aliyekuwa akiongea peke yake? Bi Badria alimtolea godoro nje mchana kweupe. Sasa aliponiuliza hivi vidonge ni vya nini, niliogopa, nikamwambia vya presha. Marehemu mumewe si alianguka kwa presha? Basi kanihurumia kweli kweli! Tangu mwanzo wa mwezi huu ananipikia mwenyewe na chumvi kaifuta kabisa. Mchuzi chapwa, yai chapwa, mpaka samaki wa baharini chapwa. Nakula huku nashukuru, nifanyeje.

Ya makoti tuyaache.

Wako,
Elisaria


Newala,
27 Julai 2024

Mangi,

Barua yako nimeisoma peke yangu nikaifungia sandukuni. Pole sana. Lakini tumekaa nyumba moja miaka kumi na tano, kwa hiyo niruhusu niseme.

Huyu mgonjwa unayeniandikia mimi simjui. Ninayemjua ni mtu aliyeuza makoti ya manyoya Februari, akawafanya watu wa Mchikichini wasahau njaa. Ule ndio ugonjwa? Basi na mimi niupate! Wewe uliumbwa wa moto, sasa wanakumwagia maji kila asubuhi na jioni, halafu unashangaa maneno hayaji.

Sikwambii uziache moja kwa moja. Zipumzishe tu, mwezi mmoja kabla ya harusi. Hata shamba tunalipumzisha. Uje, umchangamshie mwanao siku yake, ukirudi Dar utaendelea na vidonge vyako. Nani atajua?

Halafu usinikasirikie: Shamsa nimeshamwambia umekubali. Aliruka uani akipiga vigelegele vyake mwenyewe mpaka mama yake akamkemea. Usinirudishe kwake kusema vingine.

Shomari


Kariakoo,
Jumamosi, 17 Agosti 2024

Shomari,

Nisamehe mwandiko. Mkono umekataa.

Wiki ya pili sasa chakula hakikai tumboni. Natapika, naharisha, nikitembea nayumba. Jana sokoni nilimwaga chai juu ya mali, jirani wa meza ya viatu akaniuliza, "Mangi, mapema yote hii umeshapiga maji?" Watu wakacheka. Ulimi ukawa mzito, nikashindwa kumjibu. Mimi, Shomari! Nikashindwa kumjibu muuza viatu.

Nadhani umesema kweli, dawa hizi zinanimaliza. Bi Badria anasema ni presha imepanda, kaniongezea ukali: hata mkate wa dukani nisiguse, una chumvi. Kliniki ni mwezi ujao, siisubiri. Jumatatu vidonge naviacha.

Mwambie Shamsa nitapanda stuli.

E.


Mtaa wa Sikukuu,
26 Agosti 2024

Mwanangu Shomari,

Asalaam aleikum. Ni mimi Badria, mwenye nyumba wako wa zamani. Usije ukaanguka bure, mwenzio yuko hai. Naandika mimi kwa sababu mkono wake bado hauwezi kalamu, na ameniomba nikueleze yote nisifiche. Kufichana kumetutosha.

Jumapili ya tarehe 18 alitoka chumbani kwenda kanisani, mlango wa mbele hakuufikia. Alidondoka kwenye ukumbi, mwili mzima unatetemeka, anasema maneno hayashikani. Nikapiga ukelele, mafundi wa ghorofa la jirani wakaruka ukuta, wakambeba mpaka kwenye bajaji. Mimi nikachukua kopo lake la vidonge nikalitia kifuani, nikasema daktari azione hizi dawa za presha zilizoshindwa.

Daktari mwenyewe binti mdogo tu, miwani imemzidi uso. Akalisoma kopo, akaniuliza, "Mama, kuna kitu kimebadilika hivi karibuni? Chakula? Maji? Amefunga?" Nikamjibu kwa kujigamba, Shomari, nisikudanganye, kifua mbele: "Mimi ndiye nampikia. Chumvi nimemfutia tangu mwezi wa saba, hata punje!" Yule binti akaweka kalamu chini. Akamwinamia Elisaria, akamuuliza kama anaruhusu nielezwe. Elisaria akafumba macho, akasema mwenyewe na ule ulimi wake mzito: "Mama, si presha. Ni ugonjwa wa akili. Nilikudanganya."

Walinieleza taratibu kwamba dawa ile ni jamaa ya chumvi. Mwili ukinyimwa chumvi, unaing'ang'ania dawa, hauitoi, inajaa kwenye damu mpaka inageuka sumu. Kumbe mimi, kwa mikono yangu hii na huruma yangu yote, nilikuwa nampeleka kaburini kwa mchuzi chapwa. Nililia pale hospitali mpaka nesi akaniletea kiti.

Hasira ikaja baadaye. Siku ya nne alipokuwa amerudiwa na fahamu vizuri, nilimgombeza wagonjwa wa vitanda vyote wakageuka. Miaka ishirini na ushee unakaa kwangu, unaniita mama, unanifanya mimi mtu wa kudanganywa? Akasubiri nimalize, akaniambia, "Godoro la Vitalis, mama. Wewe ulilitoa chumbani, mimi ndiye niliyelibeba mpaka barabarani." Nimewauliza watu Vitalis alielekea wapi, hakuna anayejua.

Dawa walimsimamishia, wakamtundikia dripu, damu wakawa wanapima kila siku. Tangu juzi yuko nyumbani. Daktari kamwambia achague: wamwanzishie tena lithiamu kwa kiasi kidogo, au wajaribu dawa nyingine. Akiacha zote, kamwambia waziwazi, ugonjwa utarudi. Hajamjibu. Anakaa barazani anaangalia mafundi wanavyopandisha matofali. Barua yako ya kumwambia azipumzishe niliikuta mezani nikaisoma. Ndiyo, nimeisoma, nyumba ni yangu. Shomari, wewe sasa ni mkwe wa watu, si wa kumwandikia mgonjwa maneno yale. Kaa chini umwandikie vizuri.

Chumvi nimerudisha kama daktari alivyosema.

Mama yenu,
Badria binti Salum


Newala,
8 Septemba 2024

Elisaria,

Leo sikuiti Mangi. Bi Badria amenisema, na amenisema kidogo kuliko ninavyostahili. Lililobaki acha nilitaje mwenyewe.

Siku ya makoti nimeisimulia mara mia, na kila mara naanzia pale ulipopanda stuli. Sijawahi kuanzia mwanzo. Mwanzo ni kwamba ilikuwa siku ya nne hujalala. Vyumba vyetu vilitazamana, nilijua. Nikitoka alfajiri kwenda kuswali nilikuta umepanga ndala za wapangaji wote kwa rangi, unazungumza peke yako habari za kufungua maduka mpaka Lubumbashi. Niliogopa. Mke wangu akaniambia, "Mpeleke mwenzio hospitali." Nikamwambia ngoja tumalize belo hili. Tukalimaliza, nikasema ngoja na hili jingine. Macho yakianza kukulemea, nilikuwa nakimbia kwa muuza kahawa wa pale kona, nakuletea vikombe vitatu, vinne, ili usipoe. Niliangalia mauzo. Wewe sikukuangalia.

Wiki mbili baadaye ulikimbia bila nguo Mtaa wa Msimbazi ukiwaambia watu mlima umefika. Walikufunga kamba, Elisaria. Nilipewa habari saa nne asubuhi nikiwa sokoni, nikabaki namalizia mzigo, nikaja jioni. Ile habari ya malaria kupanda kichwani niliisambaza mimi. Mwaka uliofuata nikahamia huku, nikasema baba amezeeka anahitaji msaada. Baba alikuwa anapalilia mikorosho yake mwenyewe. Nilikuwa nashindwa kukutazama usoni, basi.

Kwa hiyo nilipokuandikia uzipumzishe, sikuwa namfikiria Shamsa. Nilitaka yule wa kwenye stuli arudi, nimwone ni mzima, nijiambie sikufanya kosa. Naona aibu kubwa. Nisamehe ukiweza.

Shamsa nimemwambia kila kitu. Alilia, kisha akasema baba mdogo aje hata kama hatasema neno. Mshereheshaji tumepata kijana wa Masasi, kelele nyingi, ila tutamvumilia.

Shomari


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
22 Septemba 2024

Shomari,

Barua yako iliniumiza. Niliisoma, nikaenda sokoni, nikarudi nikaisoma tena, nikaitupa uvunguni. Wiki nzima nilikuwa nabamiza milango mpaka Bi Badria akaniuliza nyumba imenikosea nini. Nikamwonyesha. Akaisoma yote amesimama, akasema, "Angalau ameandika," akarudi jikoni kwake.

Wewe umesema lako, na mimi niseme langu. Mimi siku ya makoti siikumbuki. Hata kidogo. Stuli siikumbuki, mlima kuwa Chalinze sikumbuki, mzee wa Ilala nikipishana naye simjui. Nikijitahidi sana naona jua na jasho, basi. Miaka minane mnaisimulia, watu wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, nikiombwa naigiza na ile sauti. Nimejifunza kutoka kwako. Mchikichini nzima inaikumbuka siku yangu isipokuwa mimi mwenyewe, na nilikuwa naona haya kusema.

Karibu mwaka ule wote umepotea hivyo hivyo. Lakini miaka hii miwili ya vidonge ninayo. Naweza kukwambia Pasaka nilikula nini na nani alikuwa barazani. Naweza kukwambia kanga aliyovaa Bi Badria siku aliyonigombeza hospitali, na maneno yote aliyonitukana, maana alinitukana vizuri. Hakuna atakayekaa kijijini kusimulia hayo. Ni yangu, na nayapenda.

Kukusamehe sijamaliza, nisiseme uongo tena. Nimeanza. Ukiniona huko nimeanza kuongea mbio, safari hii usiniletee kahawa, niulize mara ya mwisho nililala lini.

Jumatano nilimjibu daktari. Lithiamu nimeanza tena, kiasi kidogo, wiki ijayo napima damu. Tiketi ya basi nimekata ya Alhamisi tarehe 24 Oktoba. Bi Badria anakuja nami, hataki kusikia kwamba safari ni ndefu, na ameshaanza kukosoa pilau ambayo hamjaipika. Usinipange meza kuu wala usinipe kipaza sauti. Niweke kiti karibu na mlango, nimwone Shamsa anavyoingia. Harusi hii nataka niikumbuke.

Elisaria